SOMO LETU: USIHESABU MAITI TU

Sumu ya wadudu inavyomharibia nyuki pua, kumbukumbu na njia, na jambo hili linavyomhusu mfanyakazi



Katika darasa letu la mwisho pale Mbale, ndugu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga dawa shambani alisimama akasema: "Mimi nimebeba bomba miaka saba. Kila nikimaliza natazama chini ya miti. Naona viwavi wamekufa, naona wadudu wa kahawa wamekufa, lakini nyuki waliokufa ni wawili watatu tu. Basi kwa nini watu wa Wanale wanatulaumu kwamba tumewamalizia nyuki wao?"

Darasa likagawanyika. Wengine walisema watu wa mlimani wanatafuta fidia ya bure. Wengine walisema mizinga kweli ni mitupu, na walikuwa na haki ya kusema hivyo maana mizinga hiyo ni yao. Mimi niliyekuwa naongoza darasa sikuwa na jibu zuri siku ile. Nimekwenda nikauliza wataalamu, nikasoma, na leo naleta jibu.

Jibu lenyewe ni hili. Ndugu yetu alihesabu maiti, na hesabu yake ilikuwa ya kweli. Lakini sumu ya wadudu haifanyi kazi kwa kuua peke yake. Kiasi kidogo sana, kisichoua, chaweza kumharibia mdudu pua, kumbukumbu na njia ya kurudi nyumbani. Nyuki wa namna hiyo huwezi kumkuta chini ya mti. Amekwenda kufia mahali usipopajua. Na tukiisha kuelewa jambo hili kwa nyuki, tutaelewa pia jambo moja kubwa juu ya sisi wenyewe tunaobeba bomba.

1. KWANZA TUMJUE MFANYAKAZI MWENYEWE

Mzinga wenye nguvu una nyuki makumi ya maelfu. Malkia ni mmoja. Madume ni wachache, na hawafanyi kazi ya mzinga. Wengine wote ni vibarua wa kike, nao wana zamu kama zetu za kiwandani. Kibarua akizaliwa huanza kwa kusafisha vyumba vya sega. Kisha hulisha watoto. Kisha hutoa nta na kujenga, hupokea chakula kinacholetwa, na baadhi yao hulinda mlango. Akifika umri wa majuma matatu hivi ndipo anapotoka kwenda kutafuta chakula mauani. Wakati wa kazi nyingi huishi majuma sita hivi tu, basi.

Kazi ya nje ndiyo ngumu kuliko zote. Nyuki wa nje anahitaji vitu vinne.

Kwanza, pua. Nyuki hunusa kwa vipapasio vyake viwili vya kichwani. Kwa hivyo hutambua ua la kahawa na ua la ndizi, na hutambua pia ndugu wa mzinga wake na mgeni aliyekuja kuiba.

Pili, macho. Huona jua na huona alama za njiani, kama mti mkubwa, jabali au paa la bati. Kwa jua na alama hizo hupima mwelekeo wake.

Tatu, kumbukumbu. Akipata chakula kizuri kwenye ua lenye harufu fulani, huishika harufu hiyo, na kesho yake huifuata.

Nne, ngoma. Nyuki aliyepata chakula hurudi mzingani, akacheza gizani juu ya sega, akitikisa tumbo. Pembe anayoichezea inaonyesha chakula kiko upande gani kwa kulinganisha na jua. Muda anaotikisa tumbo unaonyesha umbali. Wenzake humfuata kwa kumgusa, kisha hutoka na kwenda moja kwa moja mahali penyewe. Aliyeisoma lugha hii ni Karl von Frisch wa Austria, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili.

Ukiondoa kimoja tu katika vitu hivi vinne, kibarua huyo amekwisha kazi, hata kama bado anapumua.

2. KING'ORA CHA KIWANDA

Sasa sumu inaingia wapi? Nitaeleza kwa mfano wa kiwanda.

Katika mwili wa mdudu, kama katika mwili wa mtu, habari hupita katika mishipa ya fahamu. Mshipa mmoja unapotaka kupasha mwingine habari, hutoa kemikali ndogo ambayo ni kama mjumbe. Mjumbe mmoja mkubwa anaitwa asetilikolini. Tumfananishe na king'ora cha kiwanda. King'ora kikilia, watu wa zamu wanaingia kazini. Lakini lazima awepo mtu wa kukizima, maana kikiendelea kulia hakuna atakayejua zamu gani imeanza na ipi imekwisha. Katika mwili, mzima king'ora huyo ni kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi.

Sumu za wadudu tunazozipiga zinavuruga king'ora hiki kwa njia tatu kubwa.

(a) Oganofosfeti na kabameti. Katika jamaa hii wamo parathioni ya zamani, malathioni, dimethoeti na klorpirifosi. Hizi humfunga mikono yule wa kuzima king'ora. Kengele inalia bila kukoma.

(b) Neonikotinoidi. Humo wamo imidaklopridi na thiamethoksamu. Zimetengenezwa kwa mfano wa nikotini, ile ya tumbaku ambayo wakulima wengi huloweka na kuwanyunyizia wadudu. Hizi ni kama mtu wa nje aliyeingia kiwandani akabonyeza king'ora mwenyewe. Tena nyingi kati yake hupanda ndani ya mmea, zikafika mpaka kwenye utamu wa ua na katika chavua.

(c) Pairethroidi na DDT. Humo yumo saipamethrini, ambaye wengi wetu tunamjua vizuri. Hizi hazimgusi mjumbe. Zinashika waya wenyewe wa umeme, zikauacha wazi, na habari moja inajirudia mara nyingi. Mama wa pairethroidi ni pareto, ua ambalo jirani zetu Wakenya wamelilima miaka mingi.

Kiasi kikubwa kikiingia, mdudu hutetemeka, hupooza, hufa. Hicho ndicho tunachokiona chini ya mti. Lakini kiasi kidogo kikiingia, kiwanda hakifungwi. King'ora kinalia saa isiyo yake. Wafanyakazi wamo ndani, mashine zinazunguka, lakini kila mtu anafanya kazi ya zamu nyingine. Huyo ndiye nyuki asiyekufa.

3. NYUKI ASIYEKUFA LAKINI AMEPOTEA

Watu wa sayansi wamepimaje jambo hili? Tutazame majaribio manne.

Ngoma. Mwaka 1970 watafiti wawili, Schricker na Stephen, waliwapa nyuki parathioni kidogo sana, kiasi kisichowaua. Nyuki wale walirudi mzingani wakacheza ngoma kama kawaida, lakini ngoma yao haikueleza njia sawasawa tena. Hapa madhara hayakuishia kwa nyuki mmoja. Msemaji akikosea, msafara mzima unakwenda pasipo na chakula.

Njia ya nyumbani. Mwaka 2012 huko Ufaransa, kikundi cha Mickaël Henry kilibandika vitambulisho vidogo vya redio juu ya mgongo wa nyuki zaidi ya 600. Baadhi yao walinyweshwa maji ya sukari yenye thiamethoksamu. Kiasi kilikuwa kidogo mno. Chukua gramu moja uigawe mafungu bilioni moja. Nyuki mmoja alipata fungu moja na kidogo. Kisha waliachiliwa mbali na mzinga, na chombo kilichowekwa mlangoni kikahesabu nani amerudi. Mahali walipopazoea, sumu iliwapoteza kama 10 katika kila 100. Mahali wasipopazoea iliwapoteza kama 31 katika kila 100. Fikirini, ndugu: katika watu 100 wa zamu ya asubuhi, 31 hawafiki nyumbani jioni, na hakuna hata maiti moja langoni.

Ulimi. Mtu aweza kuuliza, nyuki si mjinga, kwa nini asikwepe chakula chenye sumu? Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza na Ireland waliwawekea nyuki maji ya sukari safi, na kando yake maji ya sukari yenye imidaklopridi au thiamethoksamu. Mishipa ya kuonja ya nyuki haikuitambua sumu hata kidogo. Tena nyuki walikunywa zaidi yale yenye sumu. Kumbuka ni jamaa ya nikotini. Wavuta sigara katika darasa letu watalielewa jambo hili haraka.

Kumbukumbu. Hili ndilo linalotugusa zaidi sisi wa nchi ya kahawa. Mwaka 2013 kikundi cha Geraldine Wright huko Uingereza kiligundua kwamba utamu wa ua la kahawa una kafeini kidogo, ile ile inayotuamsha sisi asubuhi. Nyuki walipofundishwa harufu kwa maji ya sukari yenye kafeini, walioikumbuka harufu ile baada ya saa 24 walikuwa mara tatu ya wale waliopewa sukari tupu. Yaani mti wa kahawa unamlipa nyuki mshahara, na juu ya mshahara unamwongezea kumbukumbu ili kesho arudi kazini. Mwaka ule ule, uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba sumu zinazovuruga king'ora cha asetilikolini zinamfanya nyuki ashindwe kujifunza harufu na kuikumbuka.

Hapo tunaona mambo mawili yakipingana juu ya ua moja. Mti unatoa kumbukumbu, bomba letu linaiondoa.

Viko vitendo vingine ambavyo mwenye mzinga anaweza kuviona kwa macho yake bila chombo chochote. Nyuki wanazunguka chini mbele ya mzinga kama walevi. Wanatetemeka. Wanaacha kujisafisha. Walinzi wa mlango wanapigana na ndugu zao waliorudi kutoka shambani. Siku zinapita, walezi wa ndani wanalazimika kutoka nje kabla ya umri wao ili kuziba pengo, na watoto wanabaki bila mlezi. Mzinga unapungua pole pole, mpaka siku moja unafunua na kukuta sega na nondo.

Lakini tuwe watu wa haki. Si kila mzinga mtupu umemalizwa na sumu. Yako magonjwa, yuko utitiri wa Varroa anayewanyonya nyuki, uko ukame, na uko moto wa warina asali wenyewe. Chama kinachodai kwa uongo hakifiki mbali. Tunachosema ni hiki: kutokuwepo kwa maiti si ushahidi kwamba sumu haikuhusika.

4. WADUDU WENGINE NAO

Mambo haya si ya nyuki peke yake.

Mbu. Watafiti wa taasisi ya viuatilifu ya Arusha, iliyojulikana kwa jina la TPRI, walijenga vibanda vya majaribio katika miaka ya 1960, vyenye baraza zilizozibwa kwa wavu, ili kuwanasa mbu wanaotoka nje ya nyumba. Vibanda vya namna hiyo vilisaidia kuonyesha jambo ambalo hesabu ya mbu waliokufa haionyeshi: mbu anachofanya akiwa bado hai. DDT humchokoza mbu. Akitua ukutani anasikia kuwashwa, anaruka, anatafuta mwanga, anatoka. Baadhi hutoka kabla hawajapata sumu ya kutosha kuwaua. Kwa mtu aliyelala ndani hiyo ni nafuu, hakuumwa. Lakini mbu huyo bado yuko hai, na kesho aweza kuuma nje ya nyumba. Hivyo hata katika vita ya malaria, anayehesabu maiti tu hajui nusu ya habari.

Wadudu wadogo wanaotusaidia. Katika mashamba ya kahawa wako vinyigu vidogo sana, wengine huwezi kuwaona vizuri kwa macho. Hawaumi mtu. Kinyigu jike hunusa mpaka akampata kiwavi au kidung'ata, yule mdudu mweupe kama unga, akataga yai ndani yake. Watoto wake wanamla adui yetu kutoka ndani. Mwaka 1938 vinyigu wa namna hiyo walichukuliwa kutoka Uganda wakapelekwa Kenya, wakasaidia sana kuokoa kahawa ya huko iliyokuwa ikimalizwa na vidung'ata. Lakini katika miaka ya 1950 mashamba ya Kenya yalipopigwa parathioni kwa wingi, kiwavi anayetoboa majani ya kahawa akazidi badala ya kupungua. Sababu yake ni kwamba yeye amejificha ndani ya jani, na walinzi wake wako nje. Bomba liliwapiga walinzi, mwizi akabaki. Na mlinzi ambaye hakufa bali amepoteza pua hana faida kubwa kuliko aliyekufa, maana hawezi tena kumnusa adui.

5. KAHAWA YA WANALE NA MFUKO WETU

Mfanyakazi wa kiwandani atauliza: mimi na nyuki ni wapi na wapi?

Simama mjini Mbale utazame juu. Mlima wa Wanale umesimama kama ukuta, maji yanaporomoka mwambani, na huko juu ni migomba na kahawa. Wengi wetu tuna vipande vya ardhi huko, au wazazi wetu wanavyo. Kahawa ya milimani ni arabika. Inaweza kujichavusha yenyewe, lakini nyuki wakiitembelea huzaa vizuri zaidi. Utafiti uliofanywa Panama na kutangazwa mwaka 2002 ulikuta nyuki wakiongeza mavuno ya arabika kwa zaidi ya nusu. Kahawa ya Busoga na Buganda ni robusta, nayo haiwezi kujichavusha. Lazima chavua itoke mti mwingine, kwa upepo au kwa wadudu.

Tena kahawa haina subira. Baada ya kiangazi, mvua ya kwanza nzuri ikinyesha, siku nane hadi kumi baadaye shamba lote linachanua jeupe kwa pamoja, na harufu yake inafika barabarani. Ua linadumu siku mbili tatu tu, likanyauka. Basi nyuki aliyepotea siku hizo hakupoteza siku yake tu. Amepoteza mavuno ya mwaka.

Fuateni mnyororo huo. Punje zikipungua mitini, magunia yanapungua kwenye ghala, na mashine ya kukoboa inasimama mapema. Anayeambiwa kwanza "nenda nyumbani, tutakuita" ni kibarua wa msimu. Miwa haihitaji nyuki ili itupe sukari, hilo ni kweli. Lakini alizeti, maboga, maembe, machungwa na pamba, vyote vinapata faida kwa nyuki na jamaa zao. Mkono unaopiga bomba kiholela unaweza kuwa unajipunguzia kazi wenyewe.

6. NA SISI TUNAOBEBA BOMBA

Sasa nafika mahali nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Yule mjumbe asetilikolini hayumo kwa nyuki tu. Yumo ndani yako na ndani yangu. Yule wa kuzima king'ora, kolinesterasi, naye yumo katika damu yetu. Oganofosfeti haijui kama mbele yake yuko nyuki au mtu. Tofauti ni ukubwa wa mwili na kiasi cha sumu.

Nilimjua kibarua mmoja katika shamba moja ambalo sitalitaja. Alikuwa stadi wa bomba na hakuanguka hata siku moja. Lakini mkewe aliniambia kwamba mume wake akitumwa dukani anarudi kuuliza ametumwa nini. Mkono ulimtetemeka akishika kikombe. Kichwa kilimuuma kila jioni ya kazi, macho yakawa na ukungu. Nyapara aliandika katika daftari lake kwamba mtu huyu ni mlevi, naye hakuwa mnywaji. Alipoachishwa kazi tulikwenda kumtetea, na hatukuwa na karatasi hata moja mkononi. Hakuna aliyempima damu kabla ya msimu, kwa hiyo hatukuweza kuonyesha kilichobadilika. Tulishindwa. Alikwenda kwao na blanketi na sufuria.

Yule hakuwamo katika hesabu ya maiti. Vitabu vya shamba vinaonyesha mwaka ule hakuna mtu aliyedhurika kwa dawa.

Hata neno lenyewe "dawa" linatudanganya. Dawa ni kitu cha kuponya. Mama akisikia dawa haogopi kuacha chupa mezani. Nawashauri katika mikutano yetu tuseme "sumu", maana ndiyo kazi yake.

7. TUFANYE NINI?

Kwa ajili ya nyuki na mazao:

1. Usipige sumu ya wadudu wakati kahawa au mmea wowote uliomo shambani umechanua. Tazama pia magugu ya chini, maana nyuki huenda huko.

2. Kama ni lazima kupiga, pigeni jioni nyuki wakiisha kurudi, na upepo ukiwa umetulia. Lakini kumbukeni kwamba sumu inayopanda ndani ya mmea haijali saa.

3. Wenye mizinga wa jirani wapewe habari mapema, ili wafunge au wahamishe mizinga.

4. Msipige kwa kufuata kalenda tu. Kwanza hesabuni wadudu mitini. Kama ni wachache, waachieni vinyigu kazi yao.

5. Tujifunze njia zinazotumia pua ya mdudu badala ya kuiharibu. Katika mahindi iko njia ya sukuma-vuta iliyotengenezwa Mbita, Kenya, na watafiti wa ICIPE na wenzao tangu miaka ya 1990, nayo imefika mashariki ya Uganda. Katikati ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo wa kiwavi anayetoboa bua. Pembeni huzungushiwa majani ya tembo, ambayo harufu yake humvuta. Nondo hutoka mahindini kwa pua yake mwenyewe, na ng'ombe hupata malisho.

Kwa ajili yetu sisi wafanyakazi:

1. Kipimo cha damu cha kolinesterasi kwa kila mpiga bomba wa oganofosfeti na kabameti, kabla ya msimu na wakati wa msimu. Kipimo cha kwanza ndicho chenye thamani kubwa, kwa sababu kila mtu hulinganishwa na yeye mwenyewe. Kumbukeni kwamba kipimo hiki hakionyeshi pairethroidi wala neonikotinoidi. Kwa hizo lazima dalili ziandikwe.

2. Daftari la tawi. Kila siku ya kupiga: tarehe, jina la sumu, shamba, saa, nani alipiga, nani aliumwa kichwa, nani alitetemeka. Daftari hili likae kwa katibu wa tawi. Kama tungekuwa nalo, yule ndugu yetu asingeondoka mikono mitupu.

3. Mavazi ya kujikinga, maji na sabuni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi na kuwapa vifaa vya kujikinga. Hilo si jambo la kuombwa kwa kofia mkononi.

4. Haki ya kujiondoa katika hatari. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unaitambua haki hiyo. Tuudai uandikwe katika mapatano yetu na waajiri.

5. Maelezo ya chupa yasomwe kwa lugha ambayo mpiga bomba anaielewa. Tawi litafute mtu wa kuyafasiri.

6. Kuuliza kila sumu mpya: huko ilikotoka bado inaruhusiwa? Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya nje, mashambani, ya imidaklopridi, thiamethoksamu na klothianidini, kwa sababu ya nyuki. Mwaka 2020 ukaiondolea kibali klorpirifosi, kwa sababu ya afya ya binadamu. Kitu kilichokatazwa kwa nyuki wa Ulaya tuna haki ya kuuliza kinafanya nini mgongoni mwetu.

Ndugu yetu aliyeuliza swali alikuwa na macho mazuri, na alisema alichokiona. Sasa tumwombe, na tujiombe sisi wote, tutazame zaidi ya chini ya mti. Tutazame mlango wa mzinga jioni, nani hakurudi. Tutazame pia lango la shamba, nani amerudi nyumbani lakini mkono wake unatetemeka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA LA TAWI

1. Taja vitu vinne anavyovihitaji nyuki wa kazi ya nje. Sumu inaharibuje kila kimoja?

2. Eleza mfano wa king'ora kwa maneno yako mwenyewe. Nani anakizima? Sumu gani inamfunga mikono?

3. Kwa nini kiwavi wa majani ya kahawa alizidi baada ya shamba kupigwa sumu? Je, umewahi kuona jambo la namna hiyo shambani kwenu?

4. Katika tawi lako, ni nani aliyepimwa damu kabla ya msimu uliopita? Kama hakuna, katibu aandike barua gani, kwa nani, na lini?

5. Watu wa mlimani wenye mizinga na sisi tunaobeba bomba, je, tu maadui? Mkutano wa pamoja ungezungumza nini?

Majibu ya swali la nne yaletwe katika mkutano ujao, yakiwa yameandikwa.